Kumbandua Jakom

Hoja ya kumbandua Benard kwenye kiti cha uenyekiti wa ploti ilisomwa Jumamosi jioni mbele ya mlango wa choo, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na taa. Aliyeisoma alikuwa Wangila, kinyozi wa chumba cha tano. Alikuwa amejifunga mabegani kile kitambaa cheusi anachowafunga wateja shingoni wasijazwe nywele.

"Spika lazima awe na joho," alieleza, kisha akainua sauti. "Order! Order!"

Hakuna aliyekuwa akipiga kelele, isipokuwa bata mzinga aliyefungiwa ndani ya bafu.

Jael alikuwa amesimama kwenye dirisha lake akigeuza samaki katika mafuta. Kutoka hapo aliona kila kitu. Aliwaona wapangaji wa vyumba vyote kumi na viwili wakiwa wamekaa juu ya jerikani na viti vya plastiki. Aliwaona watu wa ploti jirani, waliokuja na viti vyao kwa sababu Wangila alisema sheria inataka umma ushirikishwe. Na katikati ya wote alimwona mumewe, Benard, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa koti lake la matanga, mikono imekunjwa kifuani kama mtu anayepigwa picha.

Wajaluo wa ploti hiyo ya Kambi Muru, Nairobi, walimwita Jakom, yaani mwenyekiti, na baadaye hata Waluhya na Wakamba wakalizoea jina. Kazi ya Jakom ilikuwa kushika ufunguo wa choo na bafu, kuamua ugomvi wa kamba za nguo, na kupeleka malalamiko kwa Waithira, mwenye ploti, aliyeishi kwake Kawangware. Jakom hakulipwa. Alipewa tu haki ya kukaa chumba nambari moja, na hicho ndicho chumba pekee chenye dirisha linalotazama njia. Kwenye dirisha hilo Jael aliuza omena na samaki wa kukaanga, na dirisha hilo ndilo lililomlipia Awuor, binti yao, karo na viatu. Jakom akiondoka ofisini, chumba kinaondoka naye. Watahamia nyuma karibu na mtaro, na hakuna mtu duniani aliyewahi kufuata samaki mpaka kwenye mtaro.

"Shtaka la kwanza," Wangila alisoma. "Ukiukaji mkubwa wa katiba. Kwamba Jakom amemweka bata mzinga ndani ya bafu ya umma, na huyo bata amemdonoa Mutuku akiwa na sabuni machoni."

"Mara mbili!" Mutuku alisema.

"Shtaka la pili. Matumizi mabaya ya mamlaka. Kwamba Jumapili iliyopita alifunga choo, akaenda kanisani na ufunguo shingoni, na mahubiri yakaendelea mpaka saa nane. Shtaka la tatu. Utovu wa nidhamu. Kwamba huwagongea watu mlango wakiwa ndani, akiwauliza wamebakisha nini."

"Ni swali la kawaida," Benard alisema.

"Jakom, utapewa nafasi. Usijibu ukiwa kwa ndoo."

Haya yote waliyatoa kwenye kibanda cha kunyolea cha Wangila. Humo mlikuwa na televisheni, na wakati gavana mmoja wa mbali alipokuwa akibanduliwa, ploti nzima ilijazana pale kutazama. Watu waliingia kunyolewa nywele ambazo hawakuwa nazo. Walijifunza kwamba kiongozi hafukuzwi tu kama mbwa aliyeiba mfupa. Kuna hoja. Kuna mashtaka yanayoandikwa moja moja. Theluthi mbili ya bunge la kaunti ikikubali, hapo hata bado hajaondoka, maana kesi inapelekwa Seneti, naye anapewa haki ya kusikizwa, na Seneti ikiona hata shtaka moja limesimama, basi anakwenda nyumbani. Waliuona utaratibu huo ni mzuri mno kuachiwa magavana peke yao.

"Na sisi Seneti yetu ni nani?" aliuliza Tonny, kijana wa bodaboda wa chumba cha tisa.

"Ni Landlady," Wangila alijibu bila kusita. "Yeye ndiye nyumba ya juu."

Mzee mmoja wa ploti jirani aliinua mkono. "Sisi kama umma, hatumjui vizuri huyu mtu. Lakini tuko tayari kutoa maoni. Aende."

"Asante, mzee. Maoni yamepokelewa."

Magdaline akasimama. Yeye ndiye aliyeileta hoja. Alikuwa rafiki ya Jael tangu wote wawili walipokuwa wakiuza omena chini kwenye vumbi la Kisumu Ndogo, na kwa siku sita sasa alikuwa akinunua samaki kwa mtu mwingine, akipita mbele ya dirisha na mfuko umening'inia ili Jael auone.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Jumapili mama yangu alikuwa amenitembelea. Tumbo lilimuuma. Mama yangu ana miaka sabini, yawa. Alizunguka hapa akitafuta ufunguo, ufunguo uko kanisani unaimba. Akaenda ploti ya hawa." Aliwaonyesha kidole wale wa jirani, nao wakatazama chini. "Wakamwambia kwanza alipe. Hakuwa na pesa. Akawaomba. Mama yangu akaomba choo, mbele ya watoto. Jumatatu akarudi nyumbani, na alikuwa amekuja kukaa mwezi."

Wale wa jirani wakasogeza viti vyao nyuma kidogo.

"Tupige kura," Wangila alisema kwa sauti ya chini. "Kila chumba kura moja. Tuko kumi na viwili, theluthi mbili ni nane. Wanaotaka Jakom abanduliwe, mikono juu."

Mikono ikapanda. Wangila akaihesabu kwa chanuo. "Saba." Akahesabu tena. "Saba. Chumba nambari moja hakijapiga."

"Chumba nambari moja ni mimi," Benard alisema. "Na mimi nakataa."

"Wewe ni mshtakiwa, Jakom. Mshtakiwa hawezi kujipigia. Kura ya chumba ni ya Mama Awuor."

Vichwa vyote vikageukia dirisha. Jael alihisi uso wake ukichomeka, na si kwa sababu ya mafuta. Benard alimtazama kwa utulivu wa mtu anayejua pesa zake ziko benki. Jael akamtazama Magdaline, ambaye hakuwa akimtazama. Akaikumbuka Jumapili ile. Alikuwa amekaa kando ya mumewe kanisani, akauona uzi wa ufunguo umetokeza kwenye kola yake, akajua kabisa ulikuwa ufunguo gani, na akanyamaza kwa sababu kwaya ilikuwa tamu.

Akainua mkono.

"Mama Awuor," Wangila aliita, "hebu tueleze. Huo ni mkono umeinua, ama ni mwiko?"

Jael alitazama juu. Mwiko ulikuwa bado mkononi, ukidondosha mafuta.

"Ni mkono," alisema.

*

"Mheshimiwa," Benard alisema wakati wa chakula, "naomba chumvi."

"Baba Awuor, wacha hiyo."

"Siwezi kukuita jina tu. Wewe ni mbunge. Umepitisha hoja."

Jael alimsukumia chumvi. Awuor aliwatazama wazazi wake mmoja baada ya mwingine, akaendelea kula.

"Kwani ulitaka nifanye nini?" Jael aliuliza. "Niseme bata hakumdonoa Mutuku? Mimi mwenyewe naoga na fimbo."

"Ungesema tu hapana. Neno moja. Halafu tungelala kwa chumba chetu, chini ya dirisha letu." Akaweka kijiko chini. "Jael, unajua umepiga kura ya kufunga biashara yako?"

"Najua."

"Unajua na ukapiga?"

"Nilimwona mama yake Magdaline akipanda gari Jumatatu," Jael alisema. "Hakutaka hata kusalimia mtu. Sasa kwenye hilo dirisha nitamtazama nani usoni?"

Benard akachukua tena kijiko. Tonny aligonga na kuingia hapo hapo, kama ilivyo kawaida ya vyumba visivyo na sebule. Alikuwa ametafuta tai mahali, akaivaa.

"Niaje Jakom. Mimi ndio wakili wako."

"Wewe si ulinipigia kura nibanduliwe?"

"Ile ilikuwa ni Tonny mpangaji. Huyu ni Tonny wakili. Si unaona tai?" Akakaa juu ya kitanda. "Skiza, kesho tunaenda Kawangware. Nimefikiria defence. Jakom, inafaa ugonjeke."

"Nigonjeke nini?"

"Chochote. Kifua, presha. Wasee wakubwa siku ya kujitetea wanapelekwa hosi, kesi inasimama. Hebu lala hapo tuone kama utakaa mgonjwa."

Benard alilala. Alifumba macho, akaweka mkono kifuani na kuguna. Alikuwa anaonekana mgonjwa kweli, mpaka Jael alipofunua sufuria ya samaki waliobaki.

"Hicho kichwa kimebaki ni cha nani?" mgonjwa aliuliza, akiwa tayari ameketi.

Tonny alitikisa kichwa. "Hapana. Tutaenda tu na ukweli."

*

Kesho yake baada ya kanisa walipanga msafara. Wangila aliongoza na joho lake, Benard akafuata na koti la matanga, Tonny na tai, Magdaline na gauni la kitenge la Jumapili. Mutuku ndiye shahidi, naye alivaa kofia kufunika mahali alipodonolewa, ingawa alidonolewa kisigino. Jael alibeba sukari na mikate miwili, maana huwezi kufika kwa mwenye nyumba mkono mtupu, hata kama unapeleka kesi. Bata mzinga alikuwa kielelezo cha kwanza. Walimtia kwenye kikapu, na ili asirukeruke Magdaline alimfunga miguu kwa utepe mwekundu wa kofia yake ya kanisa.

Walitembea kwa miguu, wakakata Dagoretti Corner, wakashika barabara ya Naivasha hadi Kawangware. Watu walisimama kuwatazama. Mama mmoja muuza ndizi aliwapigia kigelegele, wao wakafikiri anapenda demokrasia.

Geti la Waithira lilikuwa la mabati ya kijani. Mwenyewe aliwachungulia kupitia kitundu, akaiona ile nguo ya heshima ya Wangila, akaona tai, mikate, sukari, bata aliyefungwa utepe. Kitundu kikafungwa. Walisikia miguu ikikimbia, viti vikiburutwa, na sauti yake ikimwita binti yake, "Tracy! Tracy, vaa nguo! Ita mjomba wako!"

Geti lilipofunguliwa, Waithira alikuwa amebadilisha kitambaa cha kichwa. Pembeni yake alisimama kaka yake Muiruri, mzee mwembamba mwenye kofia na fimbo, anatafuna kitu haraka haraka ili amalize.

"Karibuni, karibuni sana, wageni wetu," Waithira alisema. Kwa miaka yote Jael hakuwahi kumsikia akitumia sauti hiyo. Ya kila siku ilikuwa ile ya kuuliza kodi. Waliketishwa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufumwa. Mtu akampokea Jael sukari na mikate, mtu mwingine akampokea Magdaline kikapu na kutoweka nacho nyuma ya nyumba.

"Hiyo ni—" Magdaline alianza.

"Tumeshukuru," Muiruri alisema, akainua fimbo. "Tumeona mmekuja na heshima. Sasa nani atawasemea?"

Wangila alisimama na kulirekebisha joho. "Ni mimi, mzee. Tumekuja na jambo zito. Tuna mtu wetu hapa, ambaye tumekaa naye. Tukajadiliana usiku na mchana, tukaona wakati wake umefika."

"Wakati ukifika umefika," Muiruri alikubali.

"Lakini hatuwezi kumaliza hili jambo sisi wenyewe. Utaratibu unasema lazima lije hapa kwenu."

Waithira alipangusa jicho kwa ncha ya kitambaa. "Mnasikia hawa watu? Siku hizi vijana wanamalizana huko huko kwa vyumba, mzazi anasikia kwa majirani. Hawa wamefuata utaratibu!"

"Kura zilikuwa nane," Wangila alisema kwa fahari.

"Kura?" Muiruri alimnong'oneza dada yake. "Hawa watu wa huko hupiga kura?"

"Nyamaza. Kila watu na mila yao."

"Basi," Muiruri alisema kwa sauti, "tuonyesheni mwenyewe, tumjue."

Waithira alikwisha kumtazama Tonny na tai yake, akitabasamu. Lakini vidole vyote vilimwelekea Benard, naye Benard akasimama, akafunga kifungo cha koti.

Tabasamu la Waithira lilikauka. "Huyu? Si huyu ni Jakom wangu? Si huyu ana bibi?" Akageuka. "Si bibi ndiye huyu hapa?"

"Ndiye aliyepiga kura ya nane," Wangila alisema. "Bila yeye tusingefika hapa."

"Jael!" Waithira alishika kifua. "Wewe mwenyewe umekubali? Umekuja kumleta na miguu yako?"

"Mama Tracy, imeniuma, lakini ndiyo haki," Jael alisema, macho chini.

"Ngai! Na mimi huwa namwona huyu mwanamke mpole!"

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani kikasikika kilio. "Mimi? Na Jakom? Mami, mimi nina diploma!"

Ilichukua muda mfupi, ila kwa Jael ulikuwa mrefu kama ile ibada ya Jumapili, kabla maana haijamfikia. Alitazama mikate mezani, tai ya Tonny, na mzee na fimbo yake. Akahisi kicheko kikipanda kutoka tumboni, akakiziba kwa kiganja, kikatokea puani.

"Mama Tracy," alisema alipoweza, "hatukuja kuposa. Tumekuja kumfuta kazi."

Muiruri akaanza kucheka, cheko la kizee lisilo na haraka, akapiga sakafu kwa fimbo. Waithira hakucheka. Alikuwa ameona haya. Alilivuta gauni lake, akakigusa kile kitambaa kipya cha kichwani, na kwa kitambo hakuwa mwenye ploti tena bali mama tu, aliyeharakisha kujipamba kwa ajili ya wageni ambao hawakuja. Jael alilijua vizuri joto hilo la aibu. Akainuka, akaenda kukaa kando yake.

"Ulitupokea vizuri sana," alimwambia polepole. "Hatujawahi kupokelewa hivyo mahali popote."

Waithira alimwangalia, kisha bega lake likatikisika, naye akaanza kucheka. Tracy alitokeza kichwa nyuma ya pazia, akamwona Tonny, akakirudisha.

"Haya," Waithira alisema. "Mnataka nifanye nini?"

"Wewe ni Seneti," Wangila alimweleza. "Tunasoma mashtaka, mshtakiwa anajitetea, wewe unaamua. Tuanze na shtaka la kwanza. Magdaline, leta kielelezo."

Magdaline alikwenda nyuma ya nyumba. Alirudi na utepe mwekundu peke yake.

"Kielelezo kiko kwa sufuria," alisema.

*

Kesi ilisikizwa wakati wa kula, kwa sababu Waithira alisema nyama ikiiva haisubiri katiba. Kwanza kulikuwa na mabishano ya kisheria.

"Kielelezo kimeharibiwa," Tonny alisema, akijaza sahani. "Shtaka la kwanza halina ushahidi. Naomba litupwe."

"Ushahidi uko kwa mguu wangu!" Mutuku alilalamika, akivua kiatu.

"Vaa kiatu, watu wanakula," Waithira aliamuru. "La kwanza limeanguka. Na mimi sijui kama nikila kielelezo bado ninaweza kuamua. La tatu, la kugonga mlango, hata mimi hugonga. Tuambie la pili."

Magdaline akalisema. Alilisema vilevile alivyolisema kwenye ploti, bila kuongeza, na alipofika pale mama yake alipoomba mbele ya watoto, Waithira aliweka mfupa chini.

"Jakom," alisema. "Jitetee."

Benard alisimama. Jael alijua alikuwa na hotuba. Alikuwa ameisikia asubuhi akiifanyia mazoezi mbele ya kioo, ilikuwa na maneno "mahasidi" na "historia". Lakini alipofungua mdomo, hotuba haikutoka. Alishika ufunguo uliokuwa shingoni.

"Mimi niko kwa mjengo," alisema. "Kila siku ya kazi tunasimama nje ya geti kule Lavington, wanaume hata arobaini. Foreman anatoka, anaonyesha kidole. Wewe, wewe, wewe. Siku nyingine hanionyeshi. Nimeshasimama mpaka saa nne, jua limepanda, nikijifanya natafuta kitu mfukoni ili wanaopita wasijue nimeachwa." Akaugeuza ufunguo mkononi. "Halafu narudi ploti. Kila mtu ananiita Jakom. Jakom, tufungulie. Nikafikiri, hii dunia kuna mlango mmoja tu ambao mimi ndiye wa kufungua. Ndiyo maana nikitoka mjengo nautundika shingoni. Sikutaka kumtesa mama ya mtu. Ni vile tu Jumapili sikutaka kuuvua."

Mutuku aliacha kutafuna. Tonny alilegeza tai yake na kutazama dari.

"Magdaline, nimekosa," Benard alisema. "Nitampigia mama simu mwenyewe."

"Utampigia," Magdaline alisema. "Lakini siondoi shtaka."

"Usiliondoe."

Waithira alinawa mikono kwenye beseni bila haraka. "Nimekusikia, Benard. Maneno yako yameniingia. Lakini shtaka limesimama, na umelisimamisha wewe mwenyewe. Umetoka kwa kiti."

Jael aliliona dirisha, na kaunta yake ya ubao, na viatu vya Awuor, vyote vikihamia kwenye mtaro. Hakujuta. Aliogopa tu.

"Sasa nani anachukua?" Muiruri aliuliza. "Watu hawawezi kukaa bila choo."

"Kwa gavana, naibu wake ndiye anachukua," Wangila alisema, halafu akakunja uso. "Ila sisi hatukuwahi kuchagua naibu."

Wakatazamana. Walikuwa wametazama televisheni muda wote huo, wamefuata kila hatua, na hakuna aliyefikiria kesho. Mutuku alisema labda waombe uchaguzi mdogo. Tonny alisema yeye yuko tayari ila huwa halali ploti kila siku, na nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Hebu kwanza," Waithira alisema. "Jakom akiwa mjengo, ufunguo hukaa wapi?"

"Kwa dirisha," Mutuku alijibu. "Unamwambia Mama Awuor, anakupatia."

"Huwa anakuuliza umebakisha nini?"

"Hapana. Huwa ananipa na tishu."

"Basi si huyo ndiye naibu? Amekuwa naibu na hamkujua." Waithira alimgeukia Jael. "Utashika?"

Jael alihisi macho yao kama jana, ila sasa hakukuwa na mafuta ya kujificha nyuma yake. Akamtazama mumewe. Akikubali, dirisha linabaki. Lakini atakuwa amepiga kura ya kumtoa mtu, kisha akaketi kwenye kiti chake, na wataenda kulala kitanda kimoja.

"Sitaki aseme nilipanga," alisema polepole. "Baba Awuor, ukikataa, nitakataa. Tutauza kwa mtaro."

Benard akaanza kuuvua uzi shingoni. Ulikwama sikioni. Akauvuta, sikio likakunjika, ukazidi kukwama, mpaka Jael akainuka na kuutoa taratibu, kama anavyomvua Awuor sweta.

"Hukupanga," Benard alisema, sikio limekuwa jekundu. "Hata kuwa naibu hukujua."

Wangila aligonga meza kwa kijiko. "Order! Imepita."

"Lakini ufunguo utaning'inizwa kwa msumari nje ya dirisha," Jael alisema haraka kabla ujasiri haujamtoroka. "Kila mtu ajichukulie. Sitaki kuuvaa."

Magdaline alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

*

Walirudi jua likiwa limelegea. Wengine walitangulia wakibishana kama Tracy alikohoa ama alicheka. Jael na Benard walibaki nyuma. Walipopita Dagoretti Corner, simu ya Benard ililia. Alikuwa mama yake, kutoka nyumbani Ugenya, aliyepiga kila Jumapili kuomba ushauri wa mambo ya kijijini, maana tangu mwanawe awe mwenyekiti Nairobi aliamini hakuna kesi inayoweza kumshinda.

Benard alipokea, na sauti ya mama ikasikika hata kwa Jael, kali na ya furaha. "Jakom! Jakom, ng'ombe wa jirani ameingia kwa mahindi yangu tena! Nimfanye nini huyu mtu?"

Benard alisimama. Alitazama simu, akamtazama mkewe.

"Ngoja, mama," alisema. "Usikate. Nakupa Jakom."

Jael aliichukua. Ilikuwa na joto la mfuko wake. Mama mkwe alikuwa bado anaendelea kupiga kelele juu ya mahindi, na Benard alikuwa ameinamisha kichwa karibu naye ili asikie ataamua nini.

"Mama," Jael alisema, "huyo jirani mmeshampa nafasi ya kujieleza?"